Mvua Ile Ile, Maji Pungufu

Hotuba kwa wakulima, wafugaji na walimu wa Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Imewekwa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Bwana Mtendaji wa Kata, maafisa ugani, walimu, wazee wetu, mama zetu, vijana: mbukwenyi!

Tumepewa mada kubwa na muda mfupi kabla jua halijakuwa kali. Mada ni ongezeko la joto duniani: ni kitu gani, linatoka wapi, na linatufanya nini sisi watu wa kanda ya kati. Naomba tuanzie mahali ambapo kila aliyeketi hapa ni mtaalamu, yaani usiku wa mwezi wa saba.

Nani hapa hajawahi kuamka usiku wa Julai meno yanagongana? Mchana jua lilikuwa linachoma, watu wamejibanza kivulini chini ya mbuyu. Usiku mashuka mawili hayatoshi. Lile joto la mchana limekwenda wapi? Sasa kumbukeni Januari, usiku wenye mawingu mazito. Mtu anatoa mkeka nje kwa sababu ndani hakulaliki. Jua limezama usiku huu kama lilivyozama usiku ule. Kwa nini ule wa Julai ni wa baridi na huu wa Januari ni wa jasho?

Jibu liko juu ya vichwa vyetu. Ardhi iliyoota jua mchana kutwa hulirudisha joto hilo angani kwa mionzi ambayo jicho haliioni lakini ngozi huihisi, kama mafiga yanavyoendelea kutoa joto baada ya kuni kuondolewa. Julai anga la Dodoma ni kavu na jeupe, basi joto linapaa bila kizuizi. Januari kuna mvuke na mawingu. Yanalidaka joto na kurudisha sehemu yake chini.

Jambo lenyewe ndilo hilo, wazee wangu. Mengine yote yanatoka hapo.

Mvuke hauko peke yake katika kazi hiyo. Ipo hewa ukaa, ipo methani, ipo naitrasi oksaidi. Kwa jina moja tunaziita gesijoto. Wala si gesi mbaya kwa asili yake. Bila gesijoto wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na maji ya bwawa la Hombolo yangekuwa jiwe. Kwa sababu zipo, wastani huwa kama nyuzi 15 juu ya sifuri. Tatizo ni kuzidi.

Zimezidi kiasi gani? Kabla ya viwanda kuenea, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ukaa ilikuwa kama 280. Mwaka 1958 vipimo vya kila siku vilianza kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, vikakuta kama 315. Leo ni zaidi ya 420.

Najua mwalimu mmoja pale ameshapiga hesabu kichwani: 420 katika milioni ni kidogo mno, kinaweza kufanya nini? Mama zetu, magadi mnayoweka kwenye mlenda ni kiasi gani? Ni chembe tu, lakini sufuria nzima hubadilika. Kadhalika hewa. Asilimia 99 ya hewa kavu ni naitrojeni na oksijeni, na hizo mbili hazidaki joto la ardhi hata kidogo. Kazi yote inafanywa na gesijoto zilizomo kwenye hicho kidogo kilichobaki, pamoja na mvuke, kwa hiyo ukiongeza hewa ukaa kwa nusu nzima, umeongeza magadi kwa nusu.

Wapo wanaosema haya ni maneno ya wafadhili wa juzi. Si kweli. Mwaka 1856 mwanamke mmoja wa Marekani, Eunice Foote, alijaza hewa ukaa kwenye chombo cha kioo na kukiweka juani kando ya kingine chenye hewa ya kawaida. Kile cha hewa ukaa kilipata joto zaidi, na kilipoondolewa juani kilichelewa sana kupoa. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akapiga hesabu kwa mkono kuonyesha kwamba hewa ukaa ikiongezeka, dunia itapata joto. Mwaka huo Reli ya Kati ilikuwa haijaanza kujengwa.

Na wapo wanaouliza: je, si jua lenyewe limekuwa kali? Swali zuri, na limepimwa. Setilaiti zinapima nguvu ya jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nguvu hiyo haijapanda. Tena kuna ushahidi mwingine: tabaka la hewa lililo karibu nasi linapata joto, huku tabaka la juu zaidi likipoa. Lingekuwa jua, yote mawili yangepata joto. Joto linanaswa huku chini ndiyo maana kule juu kunapungua.

Neno moja kuhusu ozoni, kwa sababu hata vitabuni linachanganywa. Tundu la ozoni ni suala jingine. Ozoni inakinga mionzi ya jua inayounguza ngozi, na iliharibiwa hasa na gesi za majokofu na makopo ya kupulizia. Joto la dunia halipandi kwa kuwa jua linapenya kwenye tundu. Walimu, tafadhali, hilo likirekebishwa darasani tutakuwa tumefanya kazi kubwa.

Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko wowote uliowahi kupimwa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliuweka kwenye takribani nyuzi 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Nyuzi moja na nusu inaonekana si kitu, maana hapa kwetu asubuhi na adhuhuri hupishana nyuzi kumi na zaidi. Lakini huu ni wastani wa dunia nzima, bahari na nchi kavu, mchana na usiku. Enzi ya barafu ya mwisho, miaka kama 20,000 iliyopita, nusu ya juu ya Amerika ya Kaskazini ilipokuwa chini ya barafu, wastani wa dunia ulikuwa chini ya wa sasa kwa nyuzi kama tano au sita tu.

Sasa, gesi hizi zinatoka wapi?

Chukueni lita moja ya dizeli, ile ya trekta au ya mashine ya kusaga. Ina uzito wa kama gramu 830. Ikiungua inatoa kilo 2.7 za hewa ukaa. Watu hubisha: kilo moja kasoro itazaaje karibu tatu? Inazaa kwa sababu kaboni iliyomo kwenye dizeli haitoki peke yake. Kila chembe ya kaboni hushika chembe mbili za oksijeni kutoka hewani, na oksijeni ina uzito wake. Kilo moja ya kaboni ikiungua yote hutoa hewa ukaa kilo 3.67. Dizeli inakwisha tangini, lakini haijapotea. Imehamia juu, tena imenenepa.

Na ikifika juu inakaa. Sehemu yake hunyonywa na bahari na mimea, lakini sehemu nyingine hubaki angani kwa mamia ya miaka. Makaa ya mawe yaliyochomwa Uingereza enzi za mababu wa mababu zetu bado yanatupa joto leo. Hewa haina mpaka wala kituo cha ukaguzi.

Makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia ndiyo chanzo kikuu. Kisha ukataji wa misitu, viwanda vya saruji, mashamba ya mpunga yaliyofurika maji, mbolea za viwandani zinazotoa naitrasi oksaidi, majalala, na mifugo. Ng'ombe, kwa taarifa ya wafugaji, hutoa methani kwa mbweu, kupitia mdomoni, siyo kule mnakocheka. Methani ni kali mara kama 28 kuliko hewa ukaa kwa uzito ule ule ukihesabu kwa miaka 100, ila haidumu, baada ya miaka kama 12 nyingi imekwisha. Ng'ombe anayekula nyasi kavu za Septemba hutoa methani nyingi kwa kila lita ya maziwa kuliko aliyelishwa vizuri. Kwa hiyo kuhifadhi malisho kuna faida mbili.

Na mkaa? Hapa nitasema wazi, hata kama baadhi ya wenzangu watakunja uso. Atakayekuambia kwamba mkaa wako ndio umepunguza barafu ya Kilimanjaro anakuonea. Bara zima la Afrika linatoa asilimia kama nne tu ya hewa ukaa ya dunia. Mmarekani mmoja kwa mwaka hutoa zaidi ya Watanzania arobaini. Deni hili si letu.

Lakini mkaa una dhambi yake nyingine. Kwenye tanuri la udongo la kawaida, kuni kavu kilo 100 hutoa mkaa kilo 10 hadi 20. Gunia la kilo 50 limekula kuni kilo 250 hadi 500. Udongo wa kufunikia ukipasuka usiku na mchomaji amelala, hewa inaingia, asubuhi anakuta majivu. Mti ule ulikuwa unazuia maji ya mvua yasikimbie, na hasara ya maji inaanguka hapa hapa kijijini, siyo Ulaya.

Maji ndiyo kiini cha hotuba hii.

Dodoma hupata kifuku kimoja, yaani msimu mmoja wa mvua, mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na wastani wa mjini ni kama milimita 570 kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari moja basi hupokea lita kama milioni mbili na laki tatu. Ni maji mengi! Lakini jua letu lina uwezo wa kuvuta kutoka bwawa lililo wazi takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo, anga linadai zaidi ya mara tatu ya kile linachotoa. Na joto likipanda, dai linapanda: kila nyuzi moja inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia kama saba. Hewa yenye uwezo zaidi hunywa zaidi kutoka kwenye udongo, majani na lambo. Kisha siku ya kumwaga ikifika, inamwaga kwa mkupuo.

Mvua ile ile, maji pungufu. Kipimo cha mvua kinaweza kusoma milimita zile zile za zamani, na bado mtama ukanyauka.

Nisieleweke vibaya. Ukame haukuanza juzi. Wazee wa Ugogo wanaijua Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Mvua zilikosekana, lakini kabla yake majeshi ya Wajerumani na kisha Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Maelfu walikufa. Ukame uliikuta ghala tupu. Kwa hiyo si kila jua kali ni ongezeko la joto duniani, na si kila njaa inaletwa na jua. Ila Mtunya ikirudi leo itarudi ikiwa na joto la ziada mgongoni.

Tazameni Mtera. Likijaa, bwawa lile hufunika takribani kilomita za mraba 600, pana na lenye kina kidogo. Kila mwaka jua hulichota kina cha kama mita mbili. Mitambo ina kikomo: maji yakishuka hadi mita 690 juu ya usawa wa bahari, haizungushwi tena. Mwaka 2006 ukame ulishusha maji ya mabwawa ya umeme, Mtera likiwemo, na nchi ikaingia kwenye mgao mkali. Je, ni joto pekee? Hapana. Mto Ruaha Mkuu, unaoleta maji Mtera, ulishakuwa unakauka sehemu zake kiangazi tangu miaka ya 1990, na kilimo cha umwagiliaji cha bonde la Usangu, huko juu ya mto, kimetajwa sana kuwa chanzo. Ndivyo madhara haya yanavyokuja, yakipanda juu ya mgongo wa makosa yetu wenyewe.

Sasa twende shambani, kwenye hindi. Mbelewele, ile suke ya juu, humwaga chavua kwa siku chache tu. Ndevu zinatakiwa ziwe zimetoka kuipokea. Mmea ukiwa na kiu, ndevu zinachelewa. Joto likipita nyuzi 35 hivi, chavua yenyewe inakufa. Mnalijua tokeo lake, gunzi mapengo. Mkulima anasema mbegu mbovu, lakini mara nyingi ilikuwa wiki moja ya jua mwezi wa pili. Uwele na mtama huvumilia wiki kama hiyo. Mtama hujikunja majani ukasubiri, mvua ikirudi unaendelea. Hindi halina subira hiyo.

Na hindi lililonusurika lina hatari ya pili. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 walifariki. Kuvu huyu hupenda mmea uliochoshwa na ukame na joto, huanzia shambani, kisha hustawi kwenye ghala lenye unyevu. Sumu yake haitoki kwa kupika. Basi fanyeni hivi kabla ya kuhifadhi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, jaza mahindi robo, weka kijiko kikubwa cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili au tatu, acha itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani juu ya turubai, siyo juu ya udongo. Chumvi ikianguka chini yote, hifadhi. Kosa la kawaida ni chumvi ya dukani ambayo yenyewe ina unyevu. Ianikeni kwanza.

Upande wa mkupuo, jirani zetu wa Hanang' wanaukumbuka Desemba 2023. El Niño ilikuwa imeongeza mvua, mlima ukaporomosha tope hadi Katesh, na zaidi ya watu 80 walifariki. Tukio moja lina sababu nyingi, mteremko na udongo vikiwemo. Lakini hewa yenye joto hubeba shehena kubwa zaidi, na mahali pa kuishusha hatupangi sisi.

Tufanye nini? Kuzima viwanda vya dunia hatuwezi. Tunachoweza ni kuyazuia maji yasiondoke ekari ile.

Kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma, kimetoa jina kwa mashimo ambayo sasa yanafundishwa nje ya mipaka yetu. Ubunifu ulikuwa wa mkulima. Shimo la Chololo lina upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Kutoka shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari sentimita 90. Udongo uliotoka hufanywa kingo ndogo kuzunguka shimo. Ndani unatanguliza majivu kufukuza mchwa, kisha samadi iliyooza na mabaki ya mazao, kisha udongo, lakini usijaze! Acha nafasi ya maji kutuama. Panda mbegu moja au mbili.

Hesabu yake ni mashimo kama 7,500 kwa ekari. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, nami siwalaumu. Anza na robo ekari, mashimo kama 1,900. Ukichimba 60 kwa siku ni mwezi mmoja na siku chache. Chimba Mei au Juni mara baada ya kuvuna, udongo ukiwa bado na ubichi kidogo. Anayesubiri Oktoba anachimba saruji. Mwaka unaofuata mashimo ni yale yale, unasafisha tu.

Yanaharibika vipi? Samadi mbichi huunguza mche. Shimo lililojazwa hadi juu halina tofauti na tambarare. Kwenye udongo mweusi wa mbuga maji hutuama mno na mizizi inaoza, huko msichimbe. Na kosa kubwa kuliko yote ni mistari inayoshuka na mteremko badala ya kuukata. Maji hufurika shimo moja hadi jingine, na baada ya misimu miwili una korongo.

Kuupata mstari ulio sawa hakuhitaji mashine. Fremu ya A ni fito mbili za mita mbili zilizofungwa juu, ufito mmoja wa katikati, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka kileleni. Simamisha, weka alama kamba inapopita kwenye ufito. Geuza miguu ibadilishane nafasi pale pale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Baada ya hapo unatembea nayo shambani mguu kwa mguu, na kila kamba inapotulia katikati unapigilia kigingi. Siku ya upepo usijaribu, jiwe litakudanganya.

Kuhusu kisiki hai, yaani kukiacha kisiki cha mti uliokatwa kichipue tena kuwa mti, nitakuwa mfupi kwa kuwa vijiji vingi vimeshaanza. Chagua kisiki chenye machipukizi, acha matatu hadi matano yaliyonyooka, pogolea matawi ya chini, funga kitambaa kila mpita njia ajue mti una mwenyewe, na ulinde dhidi ya mbuzi. Kisiki kina mizizi mirefu tayari, ndiyo maana kinaushinda mche wa kitalu katika kiangazi cha kwanza, ambapo miche mingi hufa.

Mwenyekiti, nimeshauona mkono wa mzee pale nyuma, nami naahidi swali lake litakuwa la kwanza. Ila naomba tulijibie nje. Fito tatu ziko chini ya ule mkwaju, kamba ipo, jiwe tutaliokota. Vijana wawili watangulie na jembe kabla upepo wa mchana haujaanza.